Alama Nilizochora Kwenye Mifupa ya Profesa

Walinipa dakika tatu. Yule kijana mwenye kipaza sauti alinishika kabisa kiwiko, akaninong'oneza kwamba mzee wangu, dakika tatu tu, mvua inakuja na kaburi liko wazi. Nikasimama pale mlimani kwao Profesa, juu huko ambako baridi inamuuma mtu mpaka kwenye kivuli chake, nikafungua mdomo, na nilipoufunga mvua ilishakuja, ikanyesha, ikaondoka, na mchungaji alikuwa amejikalia zake kwenye kiti cha wafiwa. Zaina anasema nilitumia robo saa. Zaina ni mke wangu, na ndiye anayeandika haya, maana mimi naongea tu, na tangu tumeanza asubuhi amekwishanifutia ng'ombe wawili na chui mmoja. Sawa. Lakini ya Profesa hata nikiongeza chumvi hayazidi, kwa sababu yule mtu mwenyewe alikuwa amezidi tangu mwanzo. Sisi Korogwe tulimwita Profesa Mifupa. Jina lake la kanisani nililisikia siku ile ya mazishi, refu kama treni ya mizigo, nikamgeukia jirani yangu nikamuuliza kama tumekosea msiba.

Pale kaburini niliwaeleza watu jinsi alivyopenda ugali wa muhogo, jinsi miwani yake ilivyofungwa kwa uzi wa nailoni miaka yote, wakacheka vizuri, msiba ukachangamka. Jambo moja nililiacha. Mstari wa mbele alikuwa amekaa Neema, kitambaa cheusi kichwani, siku hizi ni daktari wa vitabu, anafundisha palepale alipofundisha Profesa. Tulipokuwa tunanawa mikono akanisogelea akasema, "Kaka Athumani, lile la alama umewaficha." Nikamwambia nitalisema siku nikipata zaidi ya dakika tatu. Basi ndiyo leo.

Nilizaliwa na nani, kijiji gani, tuyaache, mifupa haikuwa ya kwao. Anza hapa: mimi kijana wa miaka ishirini na kitu, nakata nyama kwenye bucha ya Makuyuni, mikono kama mashine, kisu changu kikali mpaka nzi wakikiona wanapita mbali. Akaja mzee mmoja mwembamba, suruali imenyooshwa, hakutaka nyama. Akataka mifupa ya kongoro. Na si kongoro lolote, la nyuma, ule mfupa mrefu ulionyooka kama mchi, tena wa ng'ombe ambaye umri wake naujua. Nikamuuliza, "Mzee, umri wa nini? Unataka kumposa?" Watu wote buchani wakarudi nyuma hatua moja, maana alionekana mtu mkubwa. Yeye akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye karai la utumbo. Nikamwokotea, nikaifuta kwa aproni, nikaichafua zaidi. Tangu hapo tukawa marafiki. Akataka nimwonyeshe ninavyojua umri. Nikachukua kichwa kilichokuwa chini, nikafunua mdomo, nikamwonyesha meno ya mbele ya taya la chini. Kila mfugaji wa Handeni anajua hili, awe Mzigua awe Mmasai. Ndama ana meno ya utoto. Akikua yanaota ya ukubwani mawilimawili. Huyu wa meno mawili, huyu manne, huyu sita, huyu manane amejaa mdomo, na yule mzee yamesagika yamebaki kama punje za mahindi yaliyoliwa na panya. Madaraja matano. Mzee yule na suruali yake iliyonyooshwa akachuchumaa kwenye damu, akatia kidole mdomoni mwa ng'ombe, akahesabu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona msomi akiamini kitu kwa kidole.

Kazi yake alinieleza mara nyingi, na mimi nimeieleza mara nyingi zaidi, kwa hiyo sasa naifahamu kuliko yeye. Alikuwa fundi wa mambo ya mwili, wale wanaopima mfupa unabeba uzito gani na unavunjika vipi. Alifundisha chuoni Dar es Salaam, vijana wanaotengeneza vyuma vya kuungia miguu na nyonga. Alichotaka kujua mwaka ule ni kitu kimoja: mfupa ukizeeka unapungua nguvu kiasi gani. Bibi akianguka bafuni nyonga inakatika, mjukuu akianguka mwembeni anainuka anaendelea kula embe. Kwa nini, na kwa kiasi gani. Mifupa ya watu huwezi kwenda kuiomba. Ya ng'ombe ipo. Na utafiti wenyewe hasa ulikuwa wa mwanafunzi wake, huyo Neema, binti wa kwao milimani, aliyekuwa amepewa mwaka mmoja wa kumaliza. Asipomaliza, nafasi yake anapewa mwingine, yeye anarudi nyumbani. Hilo nililisikia kwa masikio yangu wiki ya kwanza, Neema akimwambia mama yake Zaina, mwenye nyumba waliyopanga, wakichambua mchele, kwamba baba yake ameuza shamba la migomba ili yeye afike pale, na kwamba hana mlango wa pili.

Walipanga nyumba Kwamndolwa, hapo Korogwe, vyumba vitatu vimepangana na baraza moja refu. Chumba cha mwisho alilala Profesa na vitabu vyake, vitabu vikilala kitandani na yeye pembeni. Cha katikati kilikuwa na friza kubwa, ukilifungua unaona miguu ya ng'ombe imepangwa kama kuni. Cha kwanza kilikuwa na mashine. Aliitengeneza fundi mmoja wa kuchomelea palepale Korogwe, fremu ya chuma, jeki ya lori, na saa ya kupimia. Mfupa unalazwa juu ya vigingi viwili kama daraja, jeki inaukandamiza katikati, unapampu, mshale wa saa unapanda, unapanda, kila mtu ameziba pumzi, halafu paa. Mimi niliibatiza mashine ile Hakimu, kwa sababu hakuna aliyeingia mle akatoka mzima. Chumba kilinuka chumvi, mafuta ya jeki na uboho. Mifupa iliyokwisha hukumiwa tuliwapa mbwa. Mwaka ule mbwa wa Kwamndolwa walinenepa mpaka wakaacha kubweka, mwizi akipita wanamkohoa tu. Barazani alikaa Zaina na cherehani yake, nyumba ilikuwa ya mama yake, aliyeishi ya jirani na Neema akilala kwake, na Zaina ndiye aliyetupikia mchana. Ugali wa muhogo, mboga chungu ya mchunga iliyochemshwa ikaungwa nazi, wakati mwingine samaki wa Pangani. Profesa alikaa mkekani na sisi, anakata tonge, anasimulia. Alikuwa hawezi kula bila kufundisha. Akiona mfupa wa samaki anausimamisha kwenye sahani, anauliza, Athumani, huu kwa nini uko mwembamba huku na mnene huku? Mimi namjibu ili ukwame vizuri, Profesa. Anacheka, halafu ananiambia sababu yenyewe, na tonge linapoa.

Sasa kazi yangu. Kila siku ya mnada niliamka na alfajiri kwenda Handeni, nasimama machinjioni, nachagua ng'ombe wakiwa hai bado, natazama mdomo, akishachinjwa nachukua miguu miwili ya nyuma, nachuna, nafunga kila mfupa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, nailoni juu yake, kwenye sanduku la barafu, basi la mchana, Korogwe. Siku ya kwanza aliponielekeza kitambaa cha maji ya chumvi nilimuuliza kama na limau niweke. Akasema mfupa ukikauka unadanganya. Halafu akanipa vibandiko vya plastiki vyenye tundu na uzi, na kalamu ya wino usiofutika. Kila mfupa niuandikie meno mangapi, dume au jike, tarehe. Akauliza, tumeelewana? Nikasema kabisa. Nikaichomeka ile kalamu mfuko wa shati, mbele, kama karani wa mahakama.

Mimi kusoma sijui. Kuandika ndiyo kabisa. Shule niliipita nikiwa nachunga, niliiona kwa nje, ina madirisha mazuri. Wakati huo nilikuwa nimeshawatangazia Handeni nzima kwamba mimi ni msaidizi wa Profesa, wiki iliyofuata nikawa naibu, na wiki ya tatu kuna mzee wa Kimasai aliniletea mguu wa mwanawe nimtazamie. Mtu aliyepanda juu hivyo atashukaje aseme hajui A? Nikatafuta njia, na njia nilikuwa nayo. Machinjioni bucha nyingi zinachinja pamoja, makongoro yanachanganyika, kwa hiyo kila mkata nyama ana alama yake, anaitia kwa ncha ya kisu kwenye mfupa wenyewe, maana ngozi itachunwa na damu itaoshwa, lakini mfupa hausahau. Basi na mimi nikawa naweka alama. Meno mawili, mkato mmoja. Manne, mikato miwili. Hivyo hivyo mpaka mzee aliyesagika, mikato mitano. Niliiweka katikati ya mfupa, upande wa nyuma uliolala bapa, pale palipo laini kama kigae. Mikato myembamba kama unywele, lakini ya ndani, na wale wazee niliwakata kwa nguvu zaidi kwa sababu mifupa yao ni migumu, kisu hakishiki. Nikifika Kwamndolwa napitia barazani kwanza. Zaina anaacha cherehani, mimi napapasa alama kwa kidole gumba namtajia, yeye anaandika vibandiko. Alikuwa amemaliza la saba, mwandiko mzuri. Hakuniuliza chochote siku ya kwanza. Siku ya pili aliniuliza kama ile kalamu mfukoni naibeba kwa ajili ya afya. Siku ya tatu nikaanza kumpenda.

Miezi ikaenda. Mifupa ikavunjika. Na majibu yakaja matamu mno. Neema alikuwa na karatasi kubwa ukutani, anachora nukta, na zile nukta zilishuka kutoka meno mawili mpaka wazee kama ngazi iliyojengwa na fundi. Mzee dhaifu, kijana mgumu. Profesa alikuwa anapita mbele ya ile karatasi asubuhi na kikombe cha chai, anaitazama kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wake. Aliandika barua kwa wenzake. Neema akaanza kuimba akiosha vyombo. Mara moja tu Profesa aligeuza mfupa mmoja kabla ya kuupandisha, akaiona ile mikato, akaniuliza ni nini. Nikasema kisu kiliteleza, Profesa. Mfupa uliochunwa kwa kisu haukosi michubuko, kwa hiyo akakubali. Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi ulikuwa mzuri, una rangi, una mikia. Ule ulikuwa mfupi na mbaya kuliko wote.

Nilikuja kujua nilichofanya siku wanafunzi walipokuja. Alikuwa na desturi, kila baada ya muda analeta wanafunzi wake kutoka Dar, kumi na tano hivi, wanajazana chumba cha Hakimu wakijifuta jasho, na Profesa anawafundisha bila ubao. Siku hiyo mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika la chai. Nje walisikia mua ukiuzwa, akatuma wanunue. Akachukua kipande kimoja, akampa kijana mmoja mwenye kifua kama mlango wa ghala, akamwambia avunje. Kijana akahangaika, akauinamisha juu ya goti, uso ukamvimba, mua ukapinda ukakataa. Profesa akachukua kipande kingine kama kile, akakikwaruza katikati kwa wembe, mkwaruzo mdogo, hauonekani kwa mbali. Akampa msichana mdogo kuliko wote. Akasema mkwaruzo uwe upande wa nje, vuta. Kikatika pwa, palepale kwenye mkwaruzo. Wakacheka, wakampiga yule kijana mabega. Profesa akawanyamazisha kwa mkono. Akasema, "Nguvu haigawanyiki sawasawa kama mnavyodhani. Inakimbilia kwenye jeraha. Ukimkwaruza mgonjwa mfupa wakati unamtibu, umempangia pa kuvunjikia."

Birika lilikuwa la moto, lakini mimi nilipoa. Mifupa ilikuwa inalazwa juu ya Hakimu kwa upande wake bapa, maana hivyo ndivyo inavyotulia, na jeki inakandamiza kutoka juu. Upande bapa, ule wa chini, ndio unaovutika, kama upande wa nje wa ule mua. Upande bapa ndio wenye alama zangu. Ng'ombe wa meno mawili nimemtia jeraha moja, mzee nimemtia matano, tena ya ndani. Ile ngazi nzuri ukutani haikujengwa na uzee. Niliijenga mimi kwa kisu. Nikamimina chai kwenye sahani badala ya kikombe, msichana mmoja akaniambia asante mzee, na mimi sikuwa mzee, nilizeeka hapo hapo.

Siku nne sikusema. Zaina anasema sita, mwache aandike sita. Nilitembea nimebeba lile jambo kama mtu aliyemeza kokwa la parachichi. Nilijiambia labda haidhuru. Nilijiambia ng'ombe si mua. Usiku sikulala, mchana nilisinzia juu ya friza. Halafu nikapita nyuma ya nyumba nikasikia Neema na Profesa wakizungumza dirishani. Neema alikuwa anasema kuna kitu hakielewi, mbona mifupa yote inakatikia katikati, hata mmoja haujakosea, na kwingineko watu wakipima inakatika huku na huku. Profesa akasema hiyo ni kwa sababu mashine yetu imenyooka vizuri. Nikasikia jinsi alivyotaka iwe hivyo. Yule mtu aliyetia kidole mdomoni mwa ng'ombe ili aamini, sasa alikuwa anaamini bila kidole.

Nikaenda barazani nikamweleza Zaina yote. Hakusimamisha cherehani. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Wewe unaogopa watu wajue hujui kusoma. Yule dada anaogopa kurudi kwa baba yake aliyeuza shamba. Hebu weka hivyo viwili kwenye mzani, wewe si mtu wa bucha?"

Nilisema siku iliyofuata mchana, mkekani, mchunga ukiwa bado unatoa mvuke. Sikuongeza chumvi. Huenda ndiyo hadithi pekee niliyowahi kusimulia ikawa fupi kuliko tukio lenyewe. Nilisema sijui kuandika, vibandiko anaandika Zaina, ninachosoma mimi ni mikato ya kisu, iko upande bapa, mmoja mpaka mitano, na siku ile Profesa aliponiuliza nilimdanganya. Hakuna aliyekula. Profesa akainuka, mikono ina ugali, akaenda kwenye friza, akarudi na mfupa mmoja, akaufungua kitambaa, akaupitisha kidole gumba polepole kama mimi ninavyofanya. Mmoja, miwili, mitatu. Akampa Neema. Neema akapapasa, akauweka chini taratibu, kama kitu cha mtu, akainuka akaenda zake, na tukasikia mlango wa kwa mama yake Zaina ukifungwa. Mimi nikaanza kuvua ile aproni, maana nilijua kilichobaki ni kwenda. Profesa akaniambia nikae nimalize chakula. Nikasema Profesa nimekuharibia kazi. Akatazama ile kalamu, bado ilikuwa mfukoni mwangu.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nilikupa kalamu, sikukuuliza kama unaijua. Na la pili pia ni langu, Bwana Athumani. Nililipenda jibu mno."

Jumamosi iliyofuata wanafunzi walikuja tena, na Profesa akasimama mbele ya ile karatasi ya ngazi, mbele ya vijana ambao kwao yeye alikuwa kama mlima, akawaeleza yote. Hakunitaja kwa jina. Alisema alikuwa na mifupa iliyomwambia anachotaka kusikia, na mwanafunzi wake alipouliza swali sahihi, yeye alimjibu kama mzee mvivu. Akaing'oa karatasi ukutani mwenyewe, akaikunja, akaiweka. Haikutupwa, baadaye Neema aliitumia, aliandika sura nzima kuhusu mikwaruzo, na mafundi wa kuunga mifupa wakaisoma. Lakini siku hiyo hatukujua hivyo. Siku hiyo ilikuwa tu karatasi iliyong'olewa, na ukuta uliobaki na alama nne za gundi, na miezi mitatu mbele yetu badala ya mwaka.

Neema hakuzungumza nami wiki mbili. Tulikuwa tunapishana kwenye mlango wa friza kama wakwe. Alipozungumza ilikuwa ni sharti. Tunaanza upya, mfupa usiguswe na ncha ya kisu, uchunwe kwa kipande cha mwanzi, na neno langu peke yake halitoshi tena: kila mfupa uje na taya la ng'ombe wake, limefungwa kwa kamba pamoja, atahesabu meno mwenyewe. Alilisema bila kunitazama. Nikasema sawa, dada Neema. Basi mkaniona, naibu profesa, napanda basi la Handeni na gunia la mataya. Yakigongana yanatoa mlio kama watu wanagombana kwa Kizigua. Abiria waliacha kukaa na mimi. Kondakta mmoja aliniuliza hao wengine waliobaki nimewaficha wapi. Yakifika Kwamndolwa Neema anayapanga barazani mstari mmoja, anachuchumaa, anahesabu kwa kidole, anaandika, haniulizi hata jambo moja. Mifupa ikapanda kwa Hakimu, na sasa ikawa inakatika kama mifupa ya kweli, huyu huku, yule kule, mwingine umepasuka mshazari kama mwanzi. Nukta mpya zilitawanyika ukutani kama mbuzi. Wazee walikuwa dhaifu kidogo, lakini kidogo tu. Profesa akawa mwenye furaha ya ajabu kuliko ya ile ngazi.

Ikafika wiki ya mwisho. Neema alitakiwa awe na mifupa idadi ileile kila daraja, na daraja la wazee lilikuwa bado limepungukiwa mfupa mmoja. Kesho yake asubuhi walikuwa wanaondoka Dar na vitu vyote. Nikaenda Handeni, nikampata, dume mmoja wa Kimasai, mzee mpaka pembe zake zilikuwa zimechoka, mimi na mwenye ng'ombe tukamfungua mdomo tukatazama, meno yamesagika, mawili hayapo. Akachinjwa. Nikachukua mguu, nikauchuna kwa mwanzi, nikaufunga. Nilipogeuka kuchukua kichwa hakipo. Mama mmoja wa supu alishakinunua, na nilipomfikia jikoni kwake taya lilikuwa kwenye chungu, limepasuliwa kwa shoka vipande vinne, meno yameshamwagwa na maganda. Chini ya meza ya jirani yake kulikuwa na mataya mengine matatu, mazuri, ya wazee, yamesagika sawasawa na la kwangu. Nilisimama pale. Kuchukua moja ilikuwa ni kuinama tu. Lingefanana kabisa, na lingekuwa karibu na kweli. Basi lilikuwa linapiga honi.

Nilifika Kwamndolwa jua bado liko juu, wamekwisha funga masanduku, Hakimu peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Neema alikuwa barazani na daftari lake. Akafungua kitambaa, akaupapasa mfupa upande bapa, akakuta hauna kitu. Akatazama kamba.

"Taya liko wapi?"

Nikamwambia. Mama wa supu, chungu, shoka, meno yamekwenda na maganda. Nikamwambia na yale mataya matatu chini ya meza pia. Pembeni cherehani ilikuwa imenyamaza, na Profesa alikuwa amesimama mlangoni na kamba ya sanduku mkononi, hasogei. Mimi ambaye ng'ombe wangu wote wana ukubwa wa lori, mimi niliyewahi kuapa kwamba nimeona kuku wa Kerenge akimfukuza mbwa mwitu, nilisimama pale na maneno matatu tu mdomoni, nikayasema: mzee, meno yamesagika. Neema akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya mchunga, akanitazama muda mrefu kama mtu anayeangalia mshale wa saa ukipanda. Halafu akafungua kalamu, akayaandika.